Kaburi la Mgomba

Watu wa Lurambi walimsalimia Nehemiah kwa kumshika kifundo cha mkono. Kiganja hawakukigusa. Ukitazama haraka ungedhani ametoka shambani mikono ina tope, na mwenyewe alijidanganya hivyo kwa miaka mingi. Anakunja ngumi, ananyoosha mkono, mtu anashika pale saa inapokaa, habari ya nyumbani, nzuri, basi. Lakini hata aoge kwa kipande kizima cha sabuni, avae shati la Krismasi, bado walishika pale pale. Sababu kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Mikono ile ilikuwa imechimba makaburi ya karibu kila boma kutoka barabara kubwa mpaka mtoni.

Kazi hiyo hakuiomba. Ujanani alikuwa kibarua wa barabara, akajifunza kuchimba mitaro isiyopinda. Mwaka wa sabini na moja alirudi nyumbani likizo, jirani akafa, na vijana waliopewa kazi ya kuchimba wakalewa busaa kabla jua halijapanda. Wakafukua kitu kama shimo la kuivishia ndizi. Jeneza likakwama kichwa chini, miguu juu, mjane anatazama. Nehemiah akavua shati, akaingia, akanyoosha lile shimo nusu saa tu. Tangu siku hiyo, mtu akifa, kabla hata hawajatuma habari kwa wajomba, wanatuma kwa Nehemiah.

Na kazi yenyewe haina mshahara. Kwa desturi ya huko wa nyumba ya marehemu hawachimbi; wanachimba majirani, na majirani hao wanapewa obusuma, yaani ugali, na ingokho mmoja, kuku wa kumla nyuma ya nyumba, mbali na wageni. Nehemiah alikuwa amekula kuku wengi wa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyemwendea vizuri tumboni. Vyombo vyake vilikuwa sepetu, sururu, kamba, vigingi vinne, na chupa ya dawa ya kikohozi iliyotiwa maji nusu. Chupa ile aliilaza chini ya shimo, akachuchumaa, akafunga jicho moja. Maji yakiegemea upande, anachonga tena.

"Marehemu atajuaje?" walimcheka.

"Mimi nitajua," alisema.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemsifu waziwazi, Kukhu Rasoa, mama yake Masinde, yule liguru, mkuu wa kijiji. Bibi huyo alikuwa ameishi mpaka meno yakamkimbia. Kila akimwona Nehemiah anapita alimwita kutoka kibarazani: "Wewe Nehemiah! Usithubutu kufa mbele yangu! Nimelala kwenye vitanda vilivyopinda maisha yangu yote. Kile cha mwisho nakitaka sawa!"

Nehemiah alicheka, lakini njiani uso ulimrudia ulivyokuwa. Mtu anafikisha miaka hamsini na sita, sifa yake pekee inatoka kwa bibi anayepanga kuzikwa.

Kilichomkata maini hasa kilikuwa kanisani. Mwaka huo wa tisini na tano walikuwa wanatafuta mzee mmoja wa kanisa, mtu wa kupitisha sahani ya sadaka. Jina la Nehemiah likatajwa. Jael, katibu wa kamati, mama mwenye sauti laini na daftari gumu, alimwita kando baada ya ibada.

"Ndugu, usichukulie vibaya. Sahani inapita kwa watu. Mtu anaweka sadaka yake huku anaangalia mikono inayoishika. Si unaelewa?"

"Naelewa, mama."

"Ni watu tu. Si Mungu."

"Naelewa."

Akamshika kifundo cha mkono, akaenda zake.

Wiki hiyo hiyo Nehemiah akaona tangazo limebandikwa ukutani sokoni: GUNDUA KUSUDI LA MAISHA YAKO. Semina ya siku tatu, Bukura. Chakula cha mchana bure. Akalisoma mara mbili. Jioni akamwambia mkewe, Navalayo, kwamba anaenda kutafuta kusudi lake.

"Kwani umelipoteza wapi?" Navalayo alikuwa anachambua mrenda, hakuinua kichwa.

"Nimesema nilipoteza? Sijawahi kuliona."

"Baba Ayuma, una mahindi yanangoja kupaliliwa. Anzia hapo."

"Kuanzia leo sichimbi tena kaburi la mtu. Hata afe nani. Nimeshampa Were sururu na sepetu."

Were alikuwa shemeji yake, kaka mdogo wa Navalayo, kijana wa miaka arobaini ambaye alikuwa ameanza kazi kumi na moja na kumaliza chai. Navalayo sasa aliinua kichwa.

"Umempa Were? Huyo hata choo alichimba kikaangukia kuku."

Lakini Nehemiah alikuwa ameamua. Alhamisi akavaa koti lake la kahawia, lile la siku zote, akavaa viatu vyake vya mpira vyenye kiraka, akaenda Bukura.

Walimu wa kusudi walikuwa mmoja tu, bwana aitwaye Clifford, ametoka Nairobi, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani. Alizungumza akitembea, na aliandika kwa kalamu nene kwenye makaratasi makubwa kama shuka. Siku ya kwanza aliwaambia kila mtu amezaliwa na kitu chake. Siku ya pili akasema: "Kusudi lako ni kile ambacho usipokuwepo, hakiendi." Akawauliza mmoja mmoja. Mwingine akasema amezaliwa kulea yatima. Mwingine akasema ng'ombe wa maziwa. Mama mmoja wa Mayoni, Khadija, akasema amezaliwa kusema ukweli, na watu wote wakasogea kidogo. Zamu ya Nehemiah ikafika.

"Mimi... nimekuwa kwenye mambo ya udongo."

"Mkulima!" Clifford alifurahi. "Makofi kwa mkulima!"

Wakampigia makofi. Nehemiah akakaa bila kusahihisha, na makofi yalikuwa matamu, afadhali isemwe tu.

Ijumaa mchana ndipo Clifford akatoa zoezi kubwa. Kila mtu aandike tanzia yake mwenyewe, ile ya kusomwa matangani, vile angependa isomwe. "Jifanyeni mmekufa kesho, Jumamosi, mnazikwa Jumapili. Andikeni kamili! Ukishajua mwisho wako, utajua njia."

Nairobi pengine mtu anaweza kuandika kifo chake kwenye karatasi akaenda kunywa soda. Watu wale waliangaliana. Khadija akasema pole pole, "Subhanallah," akaweka kalamu chini na hakuichukua tena. Lakini wengine chakula cha mchana walikuwa wamekula, na kula cha mtu halafu kukataa maneno yake si adabu, basi wakaandika.

Mwandiko wa Nehemiah ulikuwa kama nyayo za kuku, kwa hiyo alimwomba aliyeketi jirani yake, karani mmoja mstaafu aitwaye Kiprop, amwandikie. Kiprop aliandika kama mashine ya chapa. Na Nehemiah, akiwa na mtu wa kuandika vizuri hivyo, akaanza kukua.

"Andika, alikuwa mkulima wa mfano."

"Ekari ngapi?"

"Usiandike ekari. Andika, mshauri wa vijana. Msuluhishi. Mtu aliyependwa na kila aliyemjua. Mikono yake ilikuwa ya baraka."

"Na kazi?"

"Maendeleo," alisema Nehemiah.

Karatasi ikatoka safi. *Marehemu Nehemiah, aliyezaliwa mwaka 1939, amefariki Jumamosi tarehe 12 Agosti 1995 huko Bukura. Atazikwa Jumapili nyumbani kwake Lurambi.* Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasahau kwamba ameitia.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya vyeti, akaona mitumba imetandazwa sokoni Bukura, na katikati yake koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu ya uongo. Lilimkaa kana kwamba lilikuwa likimngoja. Akanunua na viatu vyeusi vya kamba. Sasa atapokea cheti akiwa amebeba furushi la koti kuukuu na viatu vya mpira? Akampa mwendesha baiskeli mmoja wa kubeba abiria aliyekuwa anaelekea Lurambi. "Peleka kwa mama Ayuma, karibu na posho mill. Mwambie nakuja."

Yaliyofuata Nehemiah aliyasikia baadaye, kila mtu na toleo lake, ila yote yalikubaliana hapa: mwenye baiskeli alifika mvua inamcharaza, akamwachia Navalayo furushi mlangoni, akasema, "Hizi ni za mzee, nimetumwa kutoka Bukura," akageuza baiskeli akaondoka mbio kabla tope halijamshinda. Lile la "nakuja" lilibaki Bukura.

Navalayo akafungua. Koti la mumewe. Viatu vya mumewe, vimefungwa pamoja kwa kamba. Mtu akifia ugenini, nguo zake ndizo zinazotangulia nyumbani. Hilo mtoto wa huko analijua kabla hajajua kuhesabu. Akapapasa mifuko, akakuta karatasi, mwandiko wa karani, mwandiko wa mahali pa serikali. Yeye kusoma alikuwa anasoma kwa kutafuta. Akalitafuta neno la kwanza, akalipata. *Marehemu.*

Mayowe yake yalisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Jael akaja mbio, akaisoma mistari ya kwanza kwa sauti, tarehe na yote. Masinde naye akaja, akaisoma kimya, akavua kofia. "Imeandikwa Jumapili," alisema. "Maana yake mwili wanauleta kesho. Tusikutwe hatujajiandaa." Akatuma mtu Bukura kwa baiskeli, mtu akakuta ukumbi umefungwa, akarudi akasema hata ukumbi umefungwa kwa huzuni. Nani angebisha?

Na Nehemiah saa hizo alikuwa nyumbani kwa Kiprop huko huko Bukura, mvua imemzuia, amevaa buluu, anakula mapaja mawili ya kuku, cheti chake kimelazwa juu ya kabati. Kilikuwa cheti kizuri chenye maua pembeni, na katikati maneno: KUSUDI LANGU NI, halafu mstari mtupu. Clifford aliwaambia wakaujaze nyumbani kwa utulivu.

Jumapili saa nne asubuhi akashuka barabarani Lurambi, akaanza kukata njia ya shamba. Hapo akasikia ngoma za isukuti, kwa mapigo ya msiba.

Mguu ukasimama. Amekufa mtu! Na wazo lake la kwanza, Mungu amsamehe, halikuwa nani, lilikuwa: watanitafuta. Akaingia ndani ya mahindi na koti lake jipya, akainama, apite nyuma afike kwake bila kuonekana. Alitembea hivyo kama mwizi hatua hamsini. Kadiri alivyosogea ndivyo ngoma zilivyosogea. Alipotoa kichwa kwenye mahindi ya mwisho, akaona turubai limefungwa mbele ya nyumba yake mwenyewe, na pembeni, upande wa kulia wa mlango, udongo mwekundu umerundikwa.

Navalayo.

Hakukumbuka tena kiapo wala koti. Alikimbia huku analia kwa sauti, "Mama Ayuma! Mama Ayuma! Mimi nilikuwa natafuta nini huko!" Akaruka ua wa miti ya lantana, kifungo kimoja cha dhahabu kikabaki kwenye mti, akatua katikati ya waombolezaji.

Navalayo alikuwa ameketi chini, kitambaa kichwani, mzima. Walitazamana. Ngoma zilinyamaza moja moja.

Kisha boma likamwagika. Watu walipita madirishani, walipita juu ya viti, mzee mmoja wa kwaya alipanda mti ambao siku nyingine hangeweza hata kuutikisa. Jael alijifunika kwa daftari. Waliobaki walikuwa wawili: Navalayo, aliyebaki ameketi pale pale, na Kukhu Rasoa, ambaye hakuwa na sababu ya kukimbilia popote. Bibi akanyanyuka, akamfikia, akamchapa fimbo begani.

"Aii! Kukhu!"

"Ana nyama," Kukhu Rasoa alitangaza. "Rudini! Mzimu haupigi kelele hivyo." Halafu akamgeukia. "Nilikwambia usithubutu! Nimelia machozi yangu ya akiba kwa ajili yako, mwongo mkubwa wewe!"

Ilichukua nusu saa kueleza. Nehemiah alieleza mambo ya tanzia ya zoezi, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi.

"Kwa hiyo," Masinde aliuliza, "mtu mzima, mwenye mke, alikaa kwenye kiti akaandika kwamba amekufa."

"Ni semina, liguru."

"Mlilishwa nini huko?"

"Kuku."

"Basi walikulipa kabisa."

Navalayo hakucheka. Alikuwa anamshika mumewe usoni, masikioni, kana kwamba anatafuta mahali palipopunguka. "Baba Ayuma," alisema, "mimi nimekulilia tangu jana. Sauti yote imeisha. Siku ukifa kweli nitalia na nini?"

Watu walipokwisha kurudi, na yule wa kwaya kuteremshwa, Masinde akakohoa. Kulikuwa na jambo limebaki, nalo lilikuwa wazi hapo upande wa kulia wa mlango. Kaburi. Kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Likiachwa na njaa litatafuta la kula, na litaanzia kwenye nyumba ile ile. Dawa yake inajulikana: unakatwa mgomba urefu wa mtu, unafunikwa shuka, unazikwa kwa ibada na machozi kama binadamu. Vijana wakaenda kukata mgomba.

Nehemiah alikuwa amegeuza uso makusudi asilione lile shimo. Kiapo ni kiapo. Lakini alisikia sururu inagonga jiwe, tak, tak, tak, halafu sauti ya Were kutoka chini: "Inatosha bwana! Mgomba hauna miguu!"

Akageuza jicho moja. Halafu la pili.

Mungu wangu. Upande wa kichwa ulikuwa mpana kama meza, wa miguuni mwembamba kama shingo ya chupa. Were alikuwa amekutana na mwamba akaamua kuuzunguka, kwa hiyo shimo lilikuwa limepiga kona. Kuta zilikuwa na matumbo. Chini maji ya mvua yalikuwa yamekusanyika yote upande mmoja.

"Were," alisema Nehemiah, sauti kavu. "Hapa ndipo mlitaka kunilaza?"

"Mulamwa, shemeji, mwamba ni mkali."

"Ningelala nimekunja magoti! Milele! Nimepinda shingo kama kuku wa kuuzwa!"

"Si hukuwepo," Were alijibu. "Ungekuwepo tungekuita uje utuchimbie."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka ni matanga, wakanyamaza. Nehemiah alisimama pale ukingoni anapumua. Akafungua koti la buluu, vifungo vilivyobaki, akampa Navalayo.

Masinde akamzuia kwa mkono. "Hapana. Mtu hajichimbii. Hiyo haijawahi kutokea."

"Si langu," alisema Nehemiah. "Ni la mgomba."

Masinde akafikiri. Sheria ya wazee ilikuwa haijasema chochote juu ya haki za mgomba. Akaondoa mkono.

Nehemiah akaingia. Akaomba kamba, akaomba chupa yake, na mtu akaikimbilia jikoni. Mwamba ule hakuuzunguka. Alipapasa mpaka akaupata mshipa wake, akaupiga kwa sururu mara sita, ukaachia kipande kizima kama jino bovu. Kule juu ibada ilibidi iendelee, mgomba umeshawekwa kwenye kivuli na shuka lake, na ibada ya mazishi bila tanzia ni nini? Tanzia ilikuwepo moja tu. Jael akafungua karatasi ya Kiprop, akaanza kuisoma juu ya kichwa cha mwenyewe.

"Marehemu alikuwa mkulima wa mfano..."

"Nani?" aliuliza mtu nyuma.

"Nehemiah."

"Mwenye magugu yale?"

"...mshauri wa vijana..."

"Aliwahi kukushauri?"

"Aliniambia nitoke njiani."

Kule chini masikio ya Nehemiah yalikuwa yanaungua. Akachimba haraka zaidi, sauti ya sepetu imfunike. Haikumfunika. Alisikia *msuluhishi*, akasikia Kukhu Rasoa anauliza kama wamebadilisha maiti. Akasikia *mtu aliyependwa na kila aliyemjua*, akasikia ukimya baada yake, ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Mikono yake," Jael akasoma, "ilikuwa ya..."

Akaishusha karatasi. Watu walidhani mwandiko umemshinda.

"Hii karatasi," alisema mwishowe, na haikuwa tena sauti ya kamati. "Hii karatasi haimjui. Mnakumbuka mtoto wangu yule wa mwezi mmoja? Mvua ilikuwa kama ya jana. Mimi nilikuwa nimesimama pale, kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama shimo. Huyu mtu alichimba kadogo, halafu akaweka sepetu kando, akashuka, akalainisha pembe zote kwa kiganja. Akatandika majani, ili udongo usipige sauti. Hakuna aliyemwambia. Nilisema siku moja nitamshukuru." Akakunja karatasi. "Ni miaka kumi na nne."

Kule chini sepetu ilikuwa imesimama. Nehemiah alikuwa anakumbuka majani yenyewe, yalikuwa ya mvule, alikuwa ameyatafuta mbali. Hakuwahi kufikiri kuna aliyeona. Akainama, akalaza chupa. Maji yalisimama katikati, yakatulia.

"Tayari," alisema.

Jael akasogea ukingoni, akanyoosha mkono amtoe. Nehemiah, kwa mazoea, akakunja ngumi, akampa kifundo. Jael akatikisa kichwa. Akakifungua kile kiganja, chenye tope jekundu, kigumu kama ganda la mti, akakishika chote, akavuta. Were akasukuma kutoka nyuma. Na watu wote waliokuwepo wakafuata, mmoja mmoja, wakamshika Nehemiah mkono, kiganja kwa kiganja, mbele ya mgomba.

Halafu wakaenda wote kunawa. Jael ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye karai. Desturi ni desturi.

Mgomba ulizikwa vizuri sana. Waliozoea mazishi walisema hawajaona shuka likilala sawa namna ile. Na wachimbaji walipewa obusuma na ingokho wao nyuma ya nyumba. Nehemiah akakaa na Were, akala kuku wa matanga yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza alishuka tumboni bila ugomvi.

Wiki iliyofuata kamati ya kanisa ilikutana, na Jael akaleta jibu yeye mwenyewe. Walikuwa wamejadili sana, wakakubaliana hivi: yule Nehemiah wa makaburi amezikwa, kila mtu ameshuhudia. Huyu aliyebaki hana doa. Anaweza kushika sahani, ila asirudie yale ya marehemu.

Basi akaipata. Alichokuwa anakitafuta mpaka Bukura akaletewa mlangoni. Jumapili nne alipitisha sahani akiwa na koti la buluu, kifungo kimoja kimeshonwa cha rangi nyingine, na watu waliweka sadaka bila kuangalia mikono. Ilikuwa kazi nyepesi. Unaenda mpaka mwisho wa benchi, unarudi. Jumapili ya nne alijikuta anatazama mabenchi, yote yamepangwa kombo, na hakusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumatano yake, asubuhi na mapema, Masinde akaja, kofia mkononi. Alisimama mlangoni bila kuingia, na hakuhitaji kusema ni nani. Kule kibarazani kwa mama yake siku mbili hakuna aliyemwita mpita njia.

"Were ameshaanza," Masinde alisema, anatazama chini. "Mimi najua mambo ya kamati. Sikuja kukuomba. Nimekuja kukuambia tu."

"Ameanzia upande gani?"

"Wa kichwa."

"Mpana?"

Masinde akapanua mikono. Nehemiah akafumba macho.

Navalayo alikuwa ameshasimama nyuma yake. "Baba Ayuma, sahani wataichukua," alisema. Halikuwa katazo. Alikuwa anasema tu, ili baadaye asijifanye hakujua. Na mkononi alikuwa ameshika chupa ya dawa ya kikohozi.

Sahani waliichukua. Jael alikuja kuifuata Jumamosi, akasema pole, ni watu tu, si Mungu. Walipoagana akatazama kushoto na kulia, akamshika kiganja upesi, kama mtu anayeiba.

Kukhu Rasoa alilala sawa. Siku ile ya mazishi, Nehemiah alirudi nyumbani, akanawa, akaketi mkabala na ukuta pale Navalayo alipokuwa ametundika cheti cha Clifford kwenye fremu isiyo na kioo. KUSUDI LANGU NI, halafu ule mstari, mtupu bado. Were alikuwa amepitia chai.

"Mulamwa, si ujaze tu?" alisema. "Hata uongo. Ukuta unaonekana hauna mwenyewe."

Nehemiah akatoa biro, akasogea karibu, akaweka ncha kwenye karatasi. Akasita. Akarudi hatua moja nyuma, akafunga jicho moja.

"Nini tena?" Were aliuliza.

"Huu mstari wamepiga chapa umepinda."

Akairudisha biro mfukoni, akatoa chupa, akailaza juu ya fremu. Maji yakaegemea kushoto. Akamwita Navalayo amletee nyundo.